Danson na Kona za Ufaransa

Danson alipotua Riyadh mara ya kwanza, aliyempa somo la kazi ni Hezekiah, dereva mwenzake kutoka Kenya aliyekuwa amezoea mji. Somo lenyewe halikuchukua hata kikombe kimoja cha chai. "Ndugu yangu, udereva wa hapa ni maneno mawili tu," Hezekiah alimwambia. "Tayib, madam. Yaani sawa, mama. Akikosea njia, tayib. Akikurudisha ulikotoka, tayib. Mwenye gari hakosei."

Na Danson, mtu wa Vihiga, mpole kama maji ya mtungini, alilishika somo hilo kwa miaka tisa. Madam Munira akisema pinda kulia na njia ni kushoto, Danson alipinda kulia. Wangezunguka mtaa wa Suwaidi mzima mpaka mama wa watu akaona mwenyewe. Hata siku moja hakumwambia amekosea. Mimi ningekuwa yeye ningeshapasuka, lakini watu hatulingani vifua.

Madam Munira alikuwa mjane, mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Kwa miaka thelathini alikuwa amewachorea wasichana wa Riyadh ramani ya Ufaransa ubaoni, mito yake, milima yake, mashamba yake ya zabibu, na yeye mwenyewe hajawahi kuikanyaga. Basi asubuhi moja ya mwezi wa pili akatandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akaiwekea birika la kahawa huku na kopo la tende kule isijikunje, akamwita dereva wake.

"Danson, Julai hii nakwenda Ufaransa na dada yangu Ibtisam. Siku sita, kijiji kwa kijiji, na gari naendesha mimi."

"Tayib, madam," Danson akasema. Ndani moyo ulikuwa umeruka kama mwanambuzi.

Nikwambie kwa nini. Binti yake Mitchelle alikuwa anaolewa Julai hiyo hiyo. Danson alipoondoka nyumbani, mtoto alikuwa darasa la nane, analia amemshika baba mkono, na baba akamwahidi: "Siku yako ya harusi, gari la kukupeleka kanisani nitaliendesha mimi." Kwa miaka tisa alikuwa amewapeleka watoto wa watu shuleni, madukani, hospitalini. Wake hajampeleka popote. Na kila Julai Madam Munira huenda kukaa Jeddah kwa dada yake, na pasipo dereva haendi, kwa hiyo likizo ya Danson haijawahi kuangukia mwezi huo. Sasa kama kweli mama anakwenda Ufaransa, nyumba itafungwa, na Danson atapanda ndege kwenda kwao. Lakini safari ikivunjika, mambo ni yale yale ya kila mwaka.

Safari yenyewe ilikuwa na kizingiti kimoja, nacho ni Ibtisam. Huyo ni mwoga hata wa lifti. Alisema kwenye simu: "Leseni unayo, lakini hujawahi kuendesha nje ya Riyadh. Endesha mwenyewe kutoka huko mpaka mlangoni kwangu Jeddah. Ukifika mzima, Ufaransa nakwenda. Usipofika mzima, halas, imekwisha, tutakunywa kahawa hapa hapa."

Mafunzo yakaanza. Siku ya kwanza Madam Munira akakaa kwenye usukani, na Danson akasimama kando ya gari hajui aende wapi. Kiti cha mbele, ubavuni mwa madam? Toba! Akafungua mlango wa nyuma, akaketi upande wa kulia, kiti cha bosi. Madam akamtazama kwenye kioo. "Kwa hiyo leo mimi ndiye dereva wako? Nikupeleke wapi, baba?" Akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akamwamuru aje mbele.

Kuja mbele alikuja, ila mdomo ulibaki nyuma. Madam akiingia mzunguko wa barabara bila kutazama, tayib, madam. Akishika breki kila taa anayoiona, hata ya duka, tayib, madam. Siku moja walikuwa wanakwenda kwa daktari wa macho wakajikuta katikati ya soko la mbuzi, na bado mwalimu wake wa udereva anasema tayib. Wueh! Mwalimu gani huyo?

Na kwenye ramani ilikuwa vile vile. Madam alipima kwa rula akasema siku ya kwanza watakwenda kilomita mia nane. "Riyadh mpaka Jeddah ni karibu elfu moja, na watu huenda kwa siku moja. Sivyo?" Danson akaziangalia zile barabara nyembamba zilizojipinda kama utumbo. Kabla ya kuja Uarabuni alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alijua barabara ya shamba ni nini: unapanga saa moja, unakuta trekta mbele, unakuta mama anavusha ndama, kilomita arobaini zinakula asubuhi nzima. Alijua hesabu ya madam ni ya jangwani, mahali barabara imenyooka na hakuna anayekuzuia. Akafungua mdomo. Likatoka lile lile alilofundishwa.

Mwezi wa tano wakaondoka alfajiri. Lo, siku ile mama alikuwa na furaha! Jangwani gari liliteleza vizuri, mkono wake umetulia, anamsimulia Danson habari za mito ya Ufaransa kana kwamba yuko darasani. Wakafika Taif alasiri. Pale, anayekwenda Jeddah huteremka mlima wa Hada, barabara ya kona juu ya kona, bonde liko chini unaliona kama uko kwenye ndege.

Madam akaanza kuteremka na mguu juu ya breki. Kona ya kwanza, breki. Ya pili, breki. Mguu hauinuki kabisa. Danson akasikia harufu ya breki zinazoungua. Akajiambia, sema. Akajiambia tena, ukisema ataogopa, ataacha safari, na Mitchelle je? Harufu ikazidi. Kona ya tano gari likachelewa kupungua mwendo, ukingo ukasogea.

"We mama!" Danson akanguruma, kwa Kiswahili cha kwao, Kiarabu kimekimbia chote. "Toa mguu hapo! Gia ya chini! Ya chini! Kaa kando, simama!"

Sijui alielewaje, lakini alielewa. Gia ikashuka, gari likaguna, likapungua, likaingia kwenye kituo cha kupumzikia pembeni. Nyani wa mlimani akaja akakaa juu ya ukuta, akawatazama wote wawili kama hakimu. Danson alikuwa amemfokea madam. Kazi imekwenda, safari imekwenda, na harusi nayo imekwenda.

Madam Munira akavuta pumzi. "Miaka tisa," akasema polepole. "Kumbe una sauti."

"Samahani, madam."

"Samahani ya nini? Nimefundisha miaka thelathini. Mwanafunzi anayesema ndiyo kwa kila kitu namjua, huyo haelewi au anaogopa. Wewe unaelewa. Sasa, mpaka breki zipoe, niambie yote uliyokuwa unanificha."

Ee bwana, alifunguka! Alimwambia kuhusu mizunguko, kuhusu taa za duka, kuhusu soko la mbuzi. Akamwambia kilomita mia nane kwa siku kwenye vijiji ni ndoto, aweke mia moja na hamsini, na aache nafasi ya ng'ombe. "Ng'ombe?" madam akauliza. "Rula haiwaoni, madam. Lakini shamba lisilo na ng'ombe si shamba." Mama akacheka mpaka nyani akahama. Kisha wakateremka kwa gia ya chini, polepole, kona hadi kona, na safari hii Danson alikuwa anasema "hapana" na "ngoja" na "vizuri sana", na madam anafuata. Jua halijazama bado wakasimama mlangoni kwa Ibtisam, wazima kama vigingi.

Ibtisam akawapokea kwa vigelegele na kahawa. Akasikiliza hadithi yote ya mlimani, akaweka kikombe chini. "Basi nakwenda," akasema. "Lakini Danson aje nasi. Akae mbele akufokee."

"Wallahi, wazo zuri!" Madam Munira akapiga makofi. "Danson, viza tutakutafutia. Utaiona Ufaransa!"

Maskini Danson. Dada wawili wanamtazama kwa furaha, wamempa zawadi ambayo dereva yeyote wa Suwaidi angeimba nayo. Maneno mawili ya Hezekiah yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Akamwona Mitchelle wa darasa la nane, amemshika mkono.

"Hapana, madam," akasema.

Akaeleza. Harusi, ahadi, gari, miaka tisa.

Macho ya Madam Munira yakajaa machozi. "Mimi nimekuzuia kila Julai," akasema, "na hukuniambia hata mara moja."

"Hukuuliza, madam. Na mimi sikusema. Makosa yetu wawili."

"Nenda, baba. Nenda kampeleke binti yako. Ibtisam, sisi tutafokewa kwa simu."

Jumamosi ya pili ya Julai, kule Vihiga, Danson akavaa suti, akafungua mlango wa kushoto wa gari la harusi aendeshe, watu wote wakaangua kicheko. Alikuwa amesahau usukani wa nyumbani uko kulia. Mitchelle akaketi nyuma, shela imejaa kiti kizima. Hawajafika kanisani, ng'ombe wa jirani wakajaa barabarani, na Danson akasimama. Simu ikalia. Ilikuwa simu ya video kutoka Ufaransa: Madam Munira kwenye usukani, Ibtisam kando ameshika kifua, na mbele yao kundi la ng'ombe weupe, wanene, hawana habari na mtu.

"Danson! Tumekaa hapa dakika ishirini! Nipige honi?"

"Hapana, madam. Zima gari, ngoja wapite."

Akakata simu, naye akazima la kwake. Honi za msafara zikaanza nyuma.

"Baba, tutachelewa," Mitchelle akasema.

Danson akamtazama kwenye kioo, pale alipozoea kuwaona watoto wa watu. "Haraka nilizoendesha miaka yote hii zilikuwa za wenyewe," akasema. "Leo kaa kidogo nikuone."