Msamaha wa Spika

"Piga magoti, Mama Kanini. Nikusamehe mbele ya wageni, ndio nitoke nikapokee hizo mbuzi. La sivyo zirudi Kilungu na kamba zao."

"Umenisamehe tangu Kanini akiwa na meno ya utoto," Kalunde akajibu, akikoroga mahindi na maharagwe ya muthokoi kama vile ndani ya sufuria kuna kichwa cha mtu. "Huo msamaha wako hauishi? Hata chumvi ya duka huisha."

"Nakusamehe kwa sababu Bwana ameniamuru."

"Bwana alikuamuru usamehe. Spika ulinunua kwa amri ya nani?"

Hapo ndipo walipokuwa wamefika, mawifi wawili ndani ya jiko moja pale Kalamba. Nje, wazee wa ukoo walikuwa wameketi kwenye viti vya kukodi, wakijifanya hawasikii. Siku yenyewe ilikuwa ya ntheo, wale mbuzi ambao mwanamume asipowapeleka kwa kina msichana, huyo msichana si mke, ni mgeni aliyechelewa kurudi kwao. Kanini, binti wa Kalunde, alikuwa analetewa mbuzi wake kutoka Kilungu. Lakini baba yake, Mbaluka, alikuwa kaburini, na katika damu yake hakubaki mtu mzima ila dada huyu mmoja, Muthoki. Wazee wakakata neno: shangazi asipotoka kushika kamba, mbuzi wanageuzwa.

Basi Muthoki akajua leo ameshika mpini. Alifika asubuhi na kitambaa cheupe cha kwaya kichwani, akakalia kigoda, akasema hatoki mpaka Kalunde apige magoti.

Huyo Muthoki! Kuna watu huzaliwa na meno. Yeye alizaliwa na maikrofoni. Spika yake ya kuhubiria sokoni ilikuwa kubwa kama pipa, na siku alipoiwasha mara ya kwanza, kuku wa Kalamba nzima walitaga mayai yasiyo na maganda. Mbwa wa Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, walimjibu. Punda mmoja akaokoka. Usicheke, huyo punda yupo, na mpaka leo habebi maji siku ya Jumapili.

Na kila Jumapili, ushuhuda ukifika, nani anasimama? "Wapendwa, Bwana asifiwe! Mimi nimemsamehe mke wa ndugu yangu, Kalunde wa Ikutha, aliyenificha mama yangu akikata roho!" Kanisa linasema amina. Kalunde, benchi la nyuma, anatazama vidole vyake vya miguu. Msamaha wa watu wengine hupakwa kama mafuta; wa Muthoki ulirushwa kama mawe. Kalunde alisamehewa Krismasi, akasamehewa Pasaka, akasamehewa kwenye harambee ya mabati na kwenye mazishi ya watu asiowajua. Watoto wa sande skuli walipofundishwa habari za Yuda, mmoja aliuliza kama ni ndugu yake Mama Kanini.

Na ni kweli Kalunde hakumwita Muthoki siku ile mama alipokufa. Hilo hakulikana hata siku moja.

Kalunde aliolewa kutoka Ikutha, akaja na kyondo kimoja cha nguo na mdomo mkali. Ule mdomo haukumzuia kumtunza mama mkwe wake, Mbinya, alipolala kitandani asiinuke. Alimgeuza, akamwosha, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Muthoki naye alikuwa anakuja na spika. Aliiweka mlangoni, akaielekeza kwa mgonjwa, akakemea pepo la uzee tangu uji wa asubuhi mpaka mbuzi wanarudi zizini. Pepo halikutoka. Aliyetamani kutoka ni yule bibi.

Siku ya mwisho Mbinya akamshika Kalunde mkono. "Mwanangu, Muthoki usimwite. Akija na lile dude nitafika mbinguni nikiwa kiziwi. Niache nife nikisikia mbuzi wakitafuna." Akapumzika, akaongeza, "Na usimwambie nimesema. Yule ana kelele, lakini ni chungu chembamba. Atapasuka."

Kalunde akaahidi. Ahadi uliyompa mtu anayekufa ni mfupa kooni: kumeza huwezi, kutema mbele ya watu huwezi. Akakaa nao, Jumapili baada ya Jumapili, akitazama vidole vyake.

"Nyinyi watu wa Ikutha," Muthoki alikuwa anasema sasa, "ukame uliwapiga mpaka ndani ya moyo."

"Na nyinyi wa hapa mnaomba shamba la jirani linyeshewe mvua ya mawe."

"Sema utakavyo. Mama alikufa akiniita. Mimi najua. Alikuwa ananiita, na wewe umesimama mlangoni kama askari."

Mwiko ukasimama. Huko barabarani mbuzi walianza kusikika, na wanawake wa Kilungu wakiimba. Kalunde alijua hesabu ilivyo. Akipiga magoti, wageni wote wataondoka wakisema Kanini ni mtoto wa yule aliyemnyima mama wa mtu buriani. Akisema ukweli, Muthoki atapita uani aende zake, na mbuzi watarudi walikotoka.

"Alikufa akikuita?" Kalunde akasema. "Haya, shangazi. Unataka kujua alisema nini siku hiyo? Nikuambie?"

Muthoki akafungua mdomo apaze sauti kama kawaida yake. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, sauti ya msichana aliyetumwa maji akavunja mtungi.

"Alisema nini? Alinitaja?"

Kalunde akamtazama. Neno lilikuwa ulimini, tamu kuliko asali. Alimdharau mwanamke huyu, na kitambaa chake, na wokovu wake wa kutangazwa kama dawa ya panya. Lakini sauti ile ndogo ilikuwa ya Mbinya mwenyewe akiomba uji. Kalunde akazidi kumdharau kwa hilo: amemnyang'anya jina zuri, amemnyang'anya Jumapili zake, na sasa anataka kumnyang'anya hata hasira.

"Alikutaja," akasema.

Muthokoi ilianza kunuka kuungua. Kalunde akashuka kwa magoti yote mawili mbele ya mafiga, miguuni pa kigoda cha Muthoki, akavuta kuni nje.

"Alisema..."

Mlango ukasukumwa. Akaingia mama wa kijana anayemwoa Kanini, mwanamke mnene wa Kilungu, kyondo cha maparachichi kimemning'inia mgongoni, kamba ya mbuzi wa kwanza mkononi. "Hodi, hodi wenyeji! Mbona huko nje tunapokewa na wazee tu?" Akasimama. Akamwona mmoja amepiga magoti, mwingine juu ya kigoda, wote macho mekundu. "Aiya! Nimewakatiza maombi?"

Magoti hayo hapo. Shahidi huyo hapo, tena wa Kilungu nzima. Muthoki akamtazama mgeni, akatazama kisogo cha Kalunde, akavua kile kitambaa cheupe akapangusia macho.

"Ni moshi tu, mama," akasema, akinyoosha mkono. "Leta hiyo kamba."