Nyuma ya Baiskeli ya Baba Mkwe

Wenzangu wa kikundi cha baiskeli pale Kilosa walinicheka muda mrefu kwa sababu ya baba mkwe wangu. Walisema hawajapata kuona mtu mwenye baiskeli ya resi, helmeti na miwani ya jua, anayefunga breki kila akimkuta mzee mmoja mbele yake amepakia mkungu wa ndizi. Niliwaacha wacheke. Walikuwa karani, fundi redio, mwalimu mwenzangu na vijana wa benki, watu wazuri wote, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeolewa Zombo.

Mimi niliolewa Zombo. Kwao mume wangu, mkamwana hamgusi baba mkwe wake, hata kwa kumpa mkono. Ukiwa na kitu cha kumpa unakiweka juu ya kigoda, unarudi nyuma, naye anakichukua. Hukai naye mkeka mmoja. Njiani humpiti ukamwacha nyuma, iwe kwa miguu au kwa chombo. Na ukiwa na neno zito, la kumkataza jambo kwa mfano, hulisemi kwa kinywa chako. Unamtuma mjukuu, maana mjukuu ni mtani wa babu yake na ana ruhusa ya kumwambia chochote. Mimi nimezaliwa Morogoro mjini. Shangazi wa mume wangu aliponifundisha haya, nilidhani ni mambo ya wiki ya harusi tu, kwamba yangefutika pamoja na hina.

Hayakufutika, na kusema kweli niliyapenda. Kuna raha yake kuwa na mtu mzima anayekuheshimu kiasi cha kukohoa kabla ya kukunja kona ya nyumba usije ukashtuka. Mume wangu hakohoi.

Baiskeli ilianza kwa ajili ya dawa. Baba mkwe ana presha, na dawa zake tunazichukua Kilosa. Mume wangu ni dereva wa malori, anaijua Zambia kuliko sebule yake, kwa hiyo kazi ya kupeleka dawa Zombo ikawa yangu. Mwanzoni nilikwenda kwa bodaboda. Baadaye nikanunua baiskeli ya resi ya mtumba kwa mwalimu aliyekuwa anahama, nikajiunga na kikundi, na njia ya Zombo ikawa zoezi langu la Jumamosi. Kabla ya kufika nyumba za kwanza nilikuwa nashuka, navaa dera juu ya bukta ya kubana, najifunga khanga juu ya dera, halafu naendesha polepole nikiomba cheni isiile khanga. Imeshaila nyingi. Nikifika uani napiga goti na viatu vyangu vya baiskeli vinavyoteleza, natoa shikamoo, naitikiwa marahaba, naweka mfuko wa dawa kwenye kigoda.

Mzee hakuuangalia mfuko. Macho yake yalikuwa kwenye baiskeli. Tangu ujana wake alikuwa akipeleka ndizi Mikumi kwa baiskeli ya chuma, akiisukuma pasipopandika, na aliyajua matairi na spoku kuliko alivyowajua wanawe. Alikuwa anamgeukia dada yake, yule shangazi anayeishi naye, anamwambia aniulize kama zile gia zinasaidia kweli mlimani. Nami nimesimama palepale, namjibu shangazi kwamba zinasaidia. Shangazi anamwambia, "Anasema zinasaidia." Mzee anatikisa kichwa, ameridhika. Tulizungumza hivyo miaka, na nadhani hakuna mtu niliyeongea naye habari za baiskeli kwa utamu kama ule.

Kiangazi kilichopita kikundi kikapanga safari yetu kubwa: siku ya kwanza Kilosa mpaka Mikumi kupitia vijiji vya Ulaya na Zombo, tulale, kesho yake tuifuate barabara kuu mpaka Kitonga tuupande ule mlima. Nilikuwa nimeuota Kitonga muda mrefu. Jumamosi moja kabla ya safari, shangazi akaniambia kwamba baba amesema atatusindikiza kutoka Zombo mpaka Mikumi. Kwake haikuwa busara kwa mke wa mwanawe kupita mbele ya mlango wake kwenda mbali na wanaume wasio ndugu, bila mtu wa nyumbani kuwa naye.

Daktari alikuwa ameshanionya nilipokwenda kuchukua dawa: mzee aishie sokoni na baiskeli yake, milima basi, moyo umechoka. Na baada ya Zombo kuna kilima kirefu ambacho hata mimi mwenye gia nakipanda ulimi nje. Nikampigia mume wangu, alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani. Akasema nimzuie. Nikamuuliza nitamzuiaje, mdomo nitautoa wapi? Akasema, "Basi usimwache." Ndivyo wanaume wanavyosaidia wakiwa mbali.

Nikamtuma binti yangu anayesoma chuo Dodoma. Babu yake humwita "mke wangu", naye hana aibu hata kidogo. Akampigia, akamwambia akikipanda kile kilima ataomba talaka, akatafute kijana mwenye meno. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaahidi atatusindikiza mpaka chini ya kilima tu, halafu ageuze. Nililala vizuri. Nilitaka sana kuamini.

Siku yenyewe tulimkuta kando ya barabara anatusubiri, amevaa koti na balaghashia, pampu ameifunga kwa mpira kwenye fremu, baiskeli imefutwa mafuta inang'aa. Nilishuka nikapiga goti vumbini. Wenzangu wote wakatoa shikamoo, akaitikia mmoja mmoja. Tukaondoka, na kwa kuwa mwendo wake ulikuwa wa pole, niliwaambia wenzangu watangulie, tutakutana Mikumi. Kwa hiyo tukabaki wawili, yeye mbele, mimi nyuma, khanga imefungwa kiunoni. Sitaificha furaha niliyokuwa nayo ile asubuhi. Mashamba yalikuwa yamevunwa, upepo ulikuwa nyuma yetu, na mgongo wa lile koti ulikuwa umenyooka.

Tukafika chini ya kilima. Hakugeuza. Alikitazama, akavuta balaghashia mbele kidogo, akasimama juu ya pedeli.

Watu wakisikia habari hii huniuliza kwa nini sikumwambia apumzike. Huwa nawajibu kwa hasira, maana hawaelewi tulivyokuwa tumefungwa. Mimi siwezi kumpita. Yeye hawezi kushuka na kuanza kusukuma, amehema mdomo wazi, huku mkamwana wake anamtazama. Peke yake angeshuka bila wasiwasi, alikuwa anashuka siku zote na ndizi zake. Kilichomkalisha juu ya tandiko ni mimi, na heshima yangu, na ile sauti ya gurudumu langu la nyuma inayolia kila nikiacha kukanyaga, ambayo alikuwa anaisikia vizuri. Niliona shingo yake inalowa. Niliona gurudumu lake la mbele linaanza kuyumba. Nikatoa simu nimpigie binti yangu aseme lile neno kwa sauti kubwa, nimshikie mzee kwa mbali asikie. Hakukuwa na mtandao.

Ndipo nikapata akili ambayo naijutia hadi leo, ingawa sioni nyingine ambayo ningeitumia. Nikashuka kimyakimya, nikainama, nikalegeza nati ya valvu, upepo ukatoka wote. Kisha nikaita, "Baba, nimepata pancha." Nilipanga kwamba atasikia, atashuka, atakaa kivulini anisubiri huku nikijifanya kuziba, nami nitaziba polepole mpaka jua litue ikibidi. Lilikuwa jambo jema kabisa kichwani mwangu.

Alisimama. Akageuza baiskeli. Akateremka mpaka nilipo, lakini breki zake za vyuma hazikuuweza ule mteremko, akapitiliza mpaka chini kabisa kilima kilipoanzia, akashuka pale na kuniashiria nimletee baiskeli. Nikaisukuma kumfuata, machozi yakinilenga. Niliiegemeza kwenye kichaka, nikarudi nyuma. Akapiga magoti, akalipapasa tairi lote kwa vidole akitafuta mwiba, hakuupata. Akafungua pampu yake, akaanza kujaza. Kila akisukuma bega lilipanda na kushuka, na niliona kabisa rangi ya midomo yake si ile ya asubuhi. Nikasema, "Baba, ningejaza mwenyewe." Akaendelea kujaza. Kumnyang'anya pampu kungekuwa ni kumgusa mikono. Nikasimama nikiwa nimeifumbata khanga yangu.

Alipomaliza, akaifunga pampu, akasema kwa uungwana kabisa, "Tayari, mwanangu." Halafu akakipanda kile kilima tena, kutoka mwanzo.

Hakufika hata pale tulipokuwa tumefika kwanza. Baiskeli iliingia kwenye majani yenyewe, polepole, akakaa chini kando yake kana kwamba alikusudia. Mkono mmoja ulikuwa unavuta kola ya shati na haukuwa na nguvu. Niliitupa baiskeli yangu, nikamkimbilia, nikanyoosha mikono kwenye vile vifungo. Akainua mkono wake mwingine, kiganja kikanielekea.

Nikasimama. Mimi ni mtu mzima, nimesoma, nafundisha watoto huduma ya kwanza, na nilisimama hatua chache kutoka kwa mtu anayekosa pumzi kwa sababu aliinua kiganja. Nilikuwa naomba Mungu barabara imlete mtu yeyote, mwenye uhusiano wowote usio wangu.

Akaja Mmasai mmoja kwa pikipiki, mtu mzima, amebeba madumu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akasimama, akatutazama, akaniuliza kama huyu si baba yangu. Nikamwambia ni mkwe. Hakuuliza la pili. Akashuka, akamfungua mzee vifungo, akamlaza ubavu, akamwegemeza kifuani kwake na shuka lake jekundu, na baba mkwe akakubali, akafumba macho. Niliuonea wivu ule mkono wa mgeni. Lori la kokoto lililokuwa likienda kwenye ujenzi wa barabara likatuchukua mpaka Mikumi, mzee mbele na yule Mmasai amemshika, mimi nyuma juu ya kokoto na baiskeli mbili na ile pikipiki.

Hakufa. Kiharusi kilichukua upande wa kushoto na sehemu kubwa ya maneno. Wenzangu waliupanda Kitonga bila mimi, wakanitumia picha.

Bado naenda Zombo kila Jumamosi, kwa baiskeli, na dawa ni nyingi kuliko zamani. Siku hizi wanamkalisha barazani kwenye kiti chenye mikono, na kitambaa juu ya goti, cha kumfutia mate. Shangazi ndiye anayemfuta, au shemeji zangu. Mume wangu alipokuja alimwogesha mwenyewe, akaniambia usiku jinsi alivyokuwa mwepesi, akalia.

Jumamosi moja nilimkuta peke yake. Shangazi alikuwa amekwenda shambani mara moja. Nilipiga goti, nikatoa shikamoo, nikaweka mfuko kwenye kigoda. Aliitazama baiskeli yangu muda mrefu. Kisha akaanza kusema, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kutupitishia maneno, aliniambia mwenyewe, neno moja moja, akipumzika katikati.

"Ile nati," akasema, "haijilegezi."

Nikainamisha kichwa. Kumbe alijua tangu alipolipapasa lile tairi na kuikuta nati imelegea. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, kwa nini basi hakukaa kivulini.

Alitafuta maneno. "Ulinionea huruma," akasema. "Nikaona, lazima nipande."

Alichoka. Mate yakamshuka upande ule uliopooza, yakafika kidevuni, yakaanza kudondokea shati safi alilovalishwa asubuhi. Akakipapasa kitambaa kwa mkono mzima, kikateleza gotini, kikaanguka sakafuni. Tulikitazama wote wawili. Nilikiokota, nikakikung'uta vumbi, nikakitandaza kwenye mkono wa kiti upande wa kulia, nikarudi nyuma. Alikifuata kwa vidole, vikagusa pindo, kikaanguka tena. Nikakiokota tena, nikakiweka tena. Alikuwa ameshageuza uso ukutani ili nisimwone.

Basi nikageuka na mimi, nikampa mgongo, nikaitazama njia inayotoka shambani, nikimngoja shangazi.