Pikapu Iliyoombewa Ikabaki Hapa Hapa

Mkipita Columbia Heights, hapa Minnesota, Marekani, mkasikia mtu mzima, mwenye mke na mtoto, anaitwa "Ambulensi" kwenye maegesho ya kanisa, huyo ni mimi, na wala siendeshi ambulensi wala sijawahi kubebwa na moja. Jina hilo nililipata Jumapili moja ya kiangazi, kweupe kabisa, mbele ya ushirika wetu mzima, mbele ya mama yangu mzazi, na mbele ya shemeji yangu ambaye kati ya wanadamu wote ndiye niliyekuwa namkwepa. Aibu nimeziona nyingi (niliwahi kuteleza kwenye barafu nikiwa nimebeba keki ya harusi ya watu), lakini hii ya pikapu hunifanya nifumbe macho hata nikiwa peke yangu bafuni. Acha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana wengine huongeza chumvi, na mkasa huu una chumvi yake ya kutosha.

Mama yangu analima viazi, waru kama tunavyoviita kwetu, kule Kinangop, Kenya. Kulima si shida, shida ni kuvitoa shambani, kwa sababu hana gari, kwa hiyo kila msimu anangoja mabroka waje na malori yao, na broka akishajua huna namna ya kufika sokoni anakupangia bei akiwa amekaa ndani ya gari lake, hata mlango hafungui. Mwaka huo mama aliniambia kwenye simu kwamba viazi vilikuwa vimeanza kuchipua ndani ya stoo, na broka akamwambia kupitia dirishani, "Shosho, ama unauza ama unapanda tena." Iliniuma sana. Nikamwahidi pale pale kwamba mavuno yajayo yatamkuta na gari lake mwenyewe, na dereva tutamtafuta.

Mtu mwenye akili angenunua pikapu ndogo ya Kijapani kule kule Mombasa, na mke wangu Mwende, ambaye akili anazo, alisema hivyo hivyo. "Baba Kui, kaka yangu kazi yake ni kutoa magari bandarini. Si umpigie tu Musyoka akwambie?" Nikamwambia sawa, nitampigia, halafu sikupiga. Huo ndio uamuzi mdogo ulionizalia hayo mengine yote, simu moja tu ambayo sikuipiga, na sababu yake naona haya kuitaja lakini nitaitaja. Siku tulipopeleka mahari kwao nilifika na gari la kuazima, dogo, bovu, likazimika langoni, na Musyoka akaja kulisukuma huku akiuliza kwa sauti ili wazee wote wasikie, "Shemeji, hii ni gari ama ni kiberiti?" Wazee walicheka mpaka mmoja kofia ikamtoka. Tangu siku hiyo nilikuwa nangoja tu wakati ambapo Musyoka ataona gari langu likishuka melini na itambidi ainue shingo kuliangalia.

Basi nikaipata kwa mzee mmoja wa mji wa Savage, pikapu ya Kimarekani yenyewe, pana kama sebule, ndefu hata Mwende alikuwa anapandia kwenye kistuli, na bampa la mbele linang'aa ungeweza kunyolea ndevu. Na msidhani niliinunua kijinga. Nilikagua umri wake, maana nilijua nyumbani hawapokei gari kuukuu, nikakagua moshi, injini, matairi, nikalala chali chini yake kutafuta kutu (ile chumvi wanayomwaga barabarani hapa wakati wa theluji hula vyuma kama mchwa), mzee wa Savage ananitazama tu akidhani nimesomea. Kitu kimoja sikukikagua, na kitu hicho nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili njia nzima nikirudi nyumbani.

Sasa, watu wakisikia una gari linaloenda nyumbani, wewe si mtu tena, wewe ni posta. Nilitangaza kanisani (hakuna aliyeniomba nitangaze), na kufikia jioni simu ilikuwa haipumui. Walileta viatu, sabuni, maziwa ya unga, cherehani, godoro lililokunjwa likafungwa kamba, kiti cha magurudumu cha baba wa mtu kule Bungoma, na dada mmoja akaleta maikrowevu ya mama yake ambaye mimi najua kabisa kwake stima haijafika. Nikapokea vyote. Ningekataaje, na nilikuwa najisikia kama waziri? Tukapakia, tukafunika kwa turubai, na Pasta Gitonga akasema pikapu kubwa hivyo haiwezi kuvuka bahari bila maombi, tutaiombea Jumapili asubuhi kabla ya ibada.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimeiosha hadi ndani ya masikio, nikaiegesha chini ya lile bango letu la KARIBUNI NYOTE, watu wakaizunguka na nguo zao za kanisani, na Mwende akampigia mama kwa video ili aone kwa macho yake. Kule kwao jua lilikuwa linaelekea kuzama, na mama hakuwa peke yake, alikuwa amealika majirani na kikundi chake cha akina mama, wote wamebanana kwenye simu moja. Kwa heshima ya Pasta aliacha Kikuyu akaongea Kiswahili. "Bwana asifiwe nyote! Ona, mwanangu aliniambia hiyo gari ni pana, kwa hivyo nguzo moja ya geti nimeshabomoa." Akageuza simu tukaona mawe yamelala chini na pengo kubwa lango lilipokuwa, na ushirika mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa natabasamu kama bwana harusi.

Pasta akapanda, akakaa nyuma ya usukani, akaushika, akafumba macho, akakemea roho ya ajali, akakemea roho ya pancha, akakemea roho ya polisi wa barabarani, akaitaja Mombasa, akaitaja Mtito Andei, akapandisha hiyo pikapu mpaka Kinangop kwa maombi, na sisi tunaitikia amina. Mwende alikuwa amemlenga na simu kupitia kioo cha mbele. Pasta alipomaliza, tukasikia sauti ya mama.

"Asante Pasta. Lakini mbona umekaa mahali pangu?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa wazee. Mama hakucheka. "Mimi hukaa hapo, upande wa kushoto, na dereva huku kulia. Sasa stering ikiwa mahali pangu, mimi nitakaa wapi?"

Jamani, kuna baridi ya Januari ya hapa na kuna baridi nyingine, na hiyo nyingine ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Niliona picha yote mara moja, kila gari nililowahi kupanda nyumbani tangu nizaliwe, na dereva wake amekaa kulia. Mtu mwingine angekubali hapo hapo, lakini mimi nilikuwa na suti mpya na watu wananitazama, kwa hiyo nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Hapana mama, hii ni simu. Kamera inageuza picha, kulia inakuwa kushoto."

"Ooh," akasema mama, na majirani zake nao wakasema ooh, na mimi nikapumua. Kisha akasogeza simu karibu na uso. "Lakini hilo bango nyuma ya Pasta nalisoma vizuri. Karibuni Nyote. Ama hilo liligeuka mara mbili?"

Hapo ndipo ushirika ukageuka bunge. Mmoja akasema dereva nyumbani hukaa kulia, mwingine akasema hapana ni kushoto kama hapa, kaka mmoja akafumba macho na kunyoosha mikono akijaribu kukumbuka gari la mjomba wake, na mwanafunzi wa uhandisi (uhandisi, jamani!) akasema inategemea na kaunti. Msituhukumu sana. Pale walikuwepo manesi, wahasibu, watu wa kompyuta, wote Wakenya halali, lakini karibu wote tulitoka Kenya tukiwa abiria, tena wa viti vya nyuma, na usukani wa kwanza maishani tuliushikia hapa Minnesota. Pasta mwenyewe alikuwa bado ameushika, akauachia kama sufuria ya moto.

Mwende hakubishana na mtu. Alichukua simu yangu mfukoni mwangu, akampigia kaka yake, akaweka spika, akanishikisha.

"Shemeji, habari za siku nyingi?" nikasema.

"Nzuri shemeji. Nasikia kuna gari. Stering iko upande gani?"

"Familia yote wazima?"

"Wazima. Stering iko upande gani?"

Nikamwambia. Musyoka alicheka, akatulia, nikadhani amemaliza, kumbe alikuwa anavuta pumzi, akacheka tena, hata nikamsikia akimwita mwenzake aje asikilize. Halafu akaeleza, na wote wakasikia, kwamba sheria ya nyumbani haitaki, gari la stering kushoto haliwezi kupewa namba, litakaa bandarini mpaka liote nyasi. "Labda ingekuwa gari ya kuzima moto, ama ambulance. Hizo ndio huruhusiwa."

"Ambulance?" Pasta akauliza, na nikaona macho yake yamepata tumaini (huyu ndiye aliyekuwa amekemea roho ya polisi dakika chache tu zilizopita). "Na tukiweka taa nyekundu juu, tuandike jina la ushirika ubavuni?"

"Pasta," Musyoka akasema, "sasa mgonjwa atalala juu ya waru?"

Watu walianguka. Wengine walishikilia bampa langu linalong'aa ili wasidondoke, na jina langu likazaliwa hapo hapo. Hata mimi nilianza kucheka, mpaka nilipotazama ile simu nyingine mkononi mwa Mwende. Mama alikuwa bado yupo, na majirani nyuma yake walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu.

"Nimesikia," mama akasema. "Haidhuru, mwanangu. Hizi za stoo nitampea tu broka." Alisema kwa upole, na huo upole ulinichapa kuliko kicheko cha watu wote wale.

Na je, nilijifunza? Bado! Nilipaza sauti mbele ya wote kwamba stering itahamishwa, kuna fundi mtaa wa Phillips, Mkongo, anaweza kila kitu. Kesho yake nikampelekea. Alizunguka pikapu, akachungulia chini ya dashibodi, akakuna kidevu. "Ndugu yangu, volant nitaihamisha, hiyo si problème. Mais siku frein, hizo breki, zitakataa, usiniite miye, uite Mungu." Nikamwona akilini mama amekaa ndani ya hiyo pikapu kwenye mteremko, na viazi nyuma yake. Nikamshukuru fundi, nikaondoka.

Ikabaki kurudisha mizigo. Wiki nzima nilikuwa naizungusha ile pikapu nyumba kwa nyumba, nagonga mlango, nakabidhi cherehani, nakabidhi godoro, na watu hawana huruma, kila mlango ulikuwa na lake. "Karibu kutoka Mombasa! Bahari ilikuwa vipi?" Yule dada wa maikrowevu aliikagua kama imeharibika safarini. Mwenye kiti cha magurudumu akaniambia nikae mimi, naonekana nimechoka. Mwisho nikairudisha Savage, na yule mzee akakubali kuinunua tena (kwa bei ya chini, sisemi zaidi), akaniuliza kwa huruma kama Waafrika hawakuipenda.

Kisha nikajifungia chumbani, nikapiga ile simu ambayo nilipaswa kuipiga mwanzoni. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, na nilichekwa, lakini kifupi. Musyoka akasema, "Wewe tuma hiyo pesa, shemeji. Huyo ni mama yetu." Nikalia kidogo, na hilo Mwende halijui, kwa hiyo lisifike kwake.

Alitafuta, akapata, akaiendesha mwenyewe kutoka Mombasa mpaka Kinangop, kisha akapiga video. Pikapu ndogo nyeupe ya Kijapani, stering kulia. Mama amekaa kushoto, mahali pake, kitambaa cha kanisani kichwani na mkoba mapajani, anatazama mbele kama mtu anayesafiri tayari, na gari bado limesimama.

"Shemeji," Musyoka akasema, "nimekuletea kiberiti." Nikamwambia asante, na safari hii nilimaanisha.

Yule broka alirudi msimu uliofuata. Mama anasema aliiona ile pikapu uani, akazima lori, akafungua mlango, akashuka, akamsalimia kwa mkono. Ameisimulia hiyo mara nyingi, na kila mara sehemu ya kushuka anaipunguza mwendo.

Mimi nimeapa. Siku hizi nikitaka kutuma nyumbani hata soksi, kwanza nampigia Musyoka nimuulize kama soksi zina upande. Na nikiitwa Ambulensi naitika.

Jambo moja tu lilibaki, lile geti. Kiberiti kinapita pale na nafasi inabaki ya ng'ombe wawili kupita ubavuni, kwa hiyo nikamwambia mama nitatuma pesa za fundi, nguzo ijengwe upya. Akakataa.

"Wacha ikae hivyo," akasema. "Siku utakuja nyumbani, mwanangu, nataka upite na kiburi chako chote."