Lori la Baba Lilitazama Bahari

Enzi zetu sisi watoto wa Ipogolo, Iringa, mtu akilala nje ya nyumba yake ujue kuna msiba au gari limemharibikia njiani. Kupiga kambi kwa starehe hakuna aliyekujua. Lakini sisi tulilala nje, tena baharini, kila vitunguu vikishavunwa. Juzi watoto wa mdogo wangu Sekela, wanaoishi hapa hapa Mbeya, wamekodi gari lenye kitanda na friji ndani, eti wanaenda kulala ufukweni, na wananielezea kama vile wao ndio wamegundua moto. Wana taa ya kujipigia picha, kiberiti hawana. Nikawaambia, wanangu, hayo tuliyafanya kabla mama yenu hajaota meno ya ukubwani.

Gari letu lilikuwa lori la Baba, la bodi ya mbao. Hakuwa ameajiriwa, lori lilikuwa lake, na ndilo lililotulisha na kunisomesha. Akishashusha vitunguu Kariakoo alivuka nalo kwa pantoni kwenda Kigamboni, akafuata njia mpaka mahali ambapo mchanga unaisha na miamba inaanza. Tulikuwa watano: Baba, Mama, mimi, Sekela, na baba mdogo Festo, mdogo wake Baba, ambaye ndiye alikuwa utingo. Tulifagia maganda, tukatandika mikeka na magodoro ndani ya bodi, tukavuta turubai juu, nyumba ikawa tayari. Harufu ya vitunguu haikutoka hata ufanyeje. Mpaka leo nikikata kitunguu nasikia mawimbi.

Mama alipika kande na viazi tulivyotoka navyo nyumbani, huku akilalamika kwamba mawe ya kule yana matundu kama mkate, hayafai kuwa mafiga. Samaki tulimla kwa kumwangalia machoni kwanza, maana sisi ni watu wa milimani. Maji yakitoka, miamba inabaki na vidimbwi, na humo tulikimbiza kaa kutwa nzima. Sekela aliwahi kuleta kiti cha pweza, ile nyota ya baharini, akaitia kwenye sufuria ya chai. Mama alimpiga kofi moja tu, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Baba alikuwa na maneno yake: "Mkishiba mnyamaze, mkinyamaza mlale." Tulilala kweli, hatukuwa na simu ya kukodolea.

Safari mbili za kwanza tulilala juu, penye mivinje, ile miti ya pwani. Maji tuliyaona kule chini yakienda na kurudi, hatukuyajali.

Safari ya tatu stata ya lori ilikufa njiani. Sasa kwetu Iringa hilo siyo tatizo. Kila dereva wa milimani anajua dawa yake: unaegesha kwenye mteremko, pua ikitazama chini, unaweka jiwe kwenye tairi. Asubuhi unatoa jiwe, gari linabiringika, unatia gia, linawaka. Kule kwenye mivinje ni tambarare, na mchanga ungelimeza lori. Mteremko pekee ulikuwa ule mwamba mpana unaoshuka kuelekea baharini. Mgumu, mkavu, mzuri. Baba aliegesha pale, lori likitazama bahari, akaweka mawe, akaenda kijijini kutafuta maji ya kunywa.

Mara akapita bibi mmoja, kanga kiunoni, pweza wawili wananing'inia kwenye fimbo yake. Akasimama.

"Mwanangu, lori la nani hili?"

"Letu," akasema Festo.

"Lipandisheni. Leo bamvua, maji yatajaa kuliko siku zote, hapa yatafika."

Festo alikuwa amewahi kukata mkonge Tanga, na kwa hilo alijiona nahodha. "Bibi, mimi pwani nimeishi. Maji hayafiki hapa. Labda yaje kwa basi."

"Haya mwanangu, mimi nimeshasema. Ukiona povu pale kwenye lile jiwe jeusi, ujue huna muda." Akaenda zake.

Baba aliporudi nilimkimbilia, ndoo haijatua. "Baba, kuna bibi kasema maji yatafika kwenye gari. Kasema tulipandishe."

Baba akamgeukia mdogo wake. "Eti Festo?"

"Aa, kaka, yule alikuwa anauza pweza. Nilipokataa kununua akaanza kututisha. Mtoto naye anadakia asiyoyajua."

Hakuuza kitu yule bibi. Nikasema, "Baba, hakuwa anau..."

"Wewe, wakubwa wakiongea kaoshe vyombo."

Nikaenda kuosha vyombo. Sekela alikuwa na homa, Mama akamlaza ndani ya lori penye kivuli. Baada ya kula Baba akajinyoosha juu kwenye mivinje, Festo pembeni yake na dumu lake la ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mimi ndiye niliyeona povu kwenye jiwe jeusi, na niliposema tena Festo akaniambia nina kiherehere. Mama ndiye aliyepiga yowe, maji yalipokwisha kuzunguka tairi za mbele.

Baba alikimbia. Alifika lori maji yakiwa magotini, akamtoa Sekela na blanketi lake, akamrusha begani kama gunia, akarudi naye. Huyo Sekela leo ana watoto wenye gari la friji. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Lakini lori halikuweza kutoka. Ili liwake ni lazima libiringike, na kubiringika kulikuwa ni kuingia baharini. Wavuvi walikuja na kamba, tukavuta wote, hata Mama. Mwamba ulishakuwa na utelezi, tairi zinateleza, jiwe moja likatoka, pua ikazama mpaka kwenye taa. Maji yaliingia kwenye injini tukiwa tumesimama tunaangalia. Hapo, mbele ya wale wavuvi, Festo ameshika ncha ya kamba, akasema kwa sauti, "Kaka, mimi nilikuambia pale hapafai."

Baba alimtazama. Nadhani hakuamini alichosikia, na mtu wa kumtetea alikuwa mtoto, na mtoto hakuwa na ushahidi.

Lori liliuzwa kama chuma chakavu kule kule. Tulirudi Ipogolo kwa basi, na mimi darasa la tano ndilo likawa la mwisho. Nikaanza kupanga vitunguu vya watu barabarani. Baba alikufa akiwa kibarua wa kupakia magari ya wenzake. Festo yupo, mzima, na kwenye kila sherehe ya ukoo anawasimulia watu jinsi kaka yake alivyokuwa mbishi. Wanacheka. Basi nimeandika, wasome: aliyeambiwa ni Festo, aliyedanganya ni Festo.

Watu wa rika langu tukikutana tunasifia sana zamani. Tunasema watoto walikuwa na adabu, mkubwa akisema mara moja imetosha, siyo hawa wa sasa wanaokukatiza hata kabla hujameza mate. Mimi nazikumbuka kande zile na turubai likipigapiga juu ya kichwa, na ningetoa chochote nilale pale siku moja tena, na Baba akikoroma upande wa pili. Lakini watoto wa Sekela wakinikatiza nanyamaza, nawasikiliza mpaka wamalize, hata wakisema upuuzi. Wenzangu wananiambia nawadekeza. Sawa. Enzi zetu zilikuwa tamu, sikatai. Ila zilikuwa za kina Festo.