Nguruwe wa Kumlisha Mwalimu

Juzi nilikwenda Msangano kumsalimu shangazi, nikakuta ametandaza wavu wa zamani wa kuwindia juu ya banda lake la kuku. Nilipoushika, kamba zake za magome bado zilikuwa ngumu, na mahali pengine zilikuwa zimegandiwa na weusi ambao sikutaka kuukwangua kwa ukucha. Shangazi akasema, "Ingia ule kwanza, mwanangu, kuku hawakimbii." Nikaingia, lakini mawazo yalikuwa yamekwisha kurudi kwetu Mbozi, miaka ile ya vita, kanisa letu lilipoishi kwa damu ya nguruwe.

Wewe uliyekulia huko utakumbuka. Mmisionari wetu alichukuliwa na serikali kwa sababu alikuwa wa taifa la adui, na fedha zikakatika. Mashamba ya kahawa yalipunguza vibarua, baba zetu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwalimu wetu, ambaye Jumapili ndiye aliyetuhubiria, alikaa miezi bila mshahara. Kisha ukaja ujumbe kutoka misheni: kijiji kikishindwa kumlisha mwalimu, mwalimu atapelekwa kwingine.

Mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Mbele ya wenzangu sauti ilinikauka. Mwalimu yule hakunichapa. Alinigeuza nikaelekea ukutani, akaniambia, "Soma ukutani. Ukuta hauna meno." Nikasoma. Sikuamini kwamba mwalimu mwingine angenivumilia hivyo.

Sadaka ya mahindi haikutosha, maana nguruwe pori walikuwa wakiyamaliza shambani. Hapo mzee wa kanisa akapata wazo. Alikuwa mwindaji kabla ya kubatizwa, na shavuni alikuwa na kovu la jino la nguruwe pori. Alisema kila Jumamosi kanisa zima litawinda. Mwenye shamba alimouawa nguruwe atatoa debe la mahindi kwa ajili ya mwalimu, na nyama itakaushwa ipelekwe kwa wachimba dhahabu wa upande wa Mkwajuni, tupate chumvi na nguo za kumvika.

Jumamosi zile tuliondoka na umande, tumekula kiporo cha ugali wa ulezi na maharage. Akina mama walipiga vichaka kwa michi huku wakiimba nyimbo za kanisa, nasi watoto tukagonga makopo. Mbwa walibweka, nguruwe wakakoroma kwenye majani, kisha wavu ukatikisika na mikuki ikashuka. Tuliofundishwa Ijumaa kwamba usiue, kesho yake tulishangilia matumbo yakimwagika. Tulirudi tukinuka manyoya yaliyobabuliwa. Majirani wasiosali walituzomea njiani: "Kanisa lenu linakula kwa pua ya mbwa."

Lakini mzee wa kanisa alikuwa amefuta desturi moja. Tangu zamani, mwenye mkuki wa kwanza huchukua mguu wa nyuma, na wa pili huchukua wa mbele. Yeye akatangaza, "Mkuki wa kwanza ni wa Bwana. Hapana fungu la mtu." Bibi yangu, aliyekuwa akipepeta ulezi, alitikisa kichwa. "Mkono usio na fungu haurushi mkuki," alisema.

Haikuchukua muda. Wanaume walianza kusimama mbali na wavu, wakipiga kelele nyingi na kurusha mikuki iliyochoma udongo. Nguruwe wakatoroka. Debe la mwalimu likabaki tupu, na tukasikia kijiji cha pili kimeanza kumjengea nyumba.

Ndipo siku moja dume kubwa likaingia wavuni kwenye korongo. Lilipasua mbwa wawili mbele ya macho yetu, mmoja akawa anajikokota akilamba utumbo wake. Wanaume walizunguka, kila mmoja akimtazama mwenzake.

"Mchome wewe, uko karibu."

"Wewe una mke tu wa kukulilia. Mimi nina watoto."

Kamba zilianza kukatika. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuua hata kuku, akanyakua mkuki wa kijana aliyesimama karibu naye.

"Mwalimu, rudi," mmoja akacheka. "Mkuki si chaki."

"Chakula ni changu," alisema mwalimu. "Acheni nikitafute."

Akaingia. Mkuki uliteleza kwenye mfupa wa bega. Dume lilichana wavu, likampiga pajani na kumburuta hadi kwenye mawe. Nilisikia paja likipasuka kama kaniki kuukuu. Hapo wanaume wote waliruka pamoja, kwa mikuki, mashoka, hata mawe. Walimkatakata yule mnyama muda mrefu baada ya kufa, wakilia, mpaka nyama yake ikachanganyika na udongo na haikufaa kuuzwa. Mzee wa kanisa alipiga kuliko wote.

Mwalimu alibebwa kwa machila hadi kwa bibi yangu, aliyejua kutibu majeraha. Bibi alilichoma lile jeraha kwa chuma cha moto, watu wanne wakimshika mwalimu. Alipona, lakini mguu ulinyauka.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alisimama mbele, bado ana damu kwenye kucha. "Bwana hali mguu wa nguruwe," alisema. "Mkuki wa kwanza urudishiwe fungu lake." Tangu Jumamosi ile mikuki haikuchoma tena udongo, debe likajaa, nyumba zikapokezana zamu za kumpelekea chakula, na mwalimu akabaki kwetu, akifundisha ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilimaliza vitabu vyote alivyokuwa navyo.

Vita vilipokwisha, fedha za misheni zikarudi. Walituletea mwalimu mpya mwenye cheti, wakasema huyu kilema akapumzike kwao Undali. Hatukuulizwa. Wawindaji walimbeba mpaka mtoni, wakamtua, akapokewa na watu wa misheni, nao wakakaa ng'ambo hii hadi machila ilipopotea kilimani.

Siku hizi kanisa lina bati, na sadaka hutumbukizwa kimya kwenye mfuko unaopitishwa. Mwalimu mpya ni mtu mwema, analipwa mahali ambapo hatujapaona. Mwaka jana alishikwa na homa kali. Hakuna aliyekuwa na zamu ya kumpelekea chakula, maana zamu zilikwisha siku nyingi. Tulijua anaumwa pale watoto waliporudi nyumbani mapema, wakisema mlango wa shule umefungwa.