Madoa ya Cheche

Kakangu alikuwa mchomeleaji vyuma mjini Maua, na cheche zilikuwa zimemjaza mashavu alama ndogo ndogo za moto. Hakupenda kupigwa picha. Alipofariki tulikuwa na moja tu ya karatasi, iliyopigwa kwa simu mbovu ambayo yenyewe ilishapotea, nayo ilijaa chembechembe kama uji ulioingia mchanga.

Mimi nafanya kazi katika maabara ya mwanga, chuoni Embu. Tunapaka kioo tabaka jembamba mno, kama utando wa mafuta juu ya dimbwi, na tabaka hilo huchuja picha bila kompyuta. Mwanga unaobeba maumbo makubwa hupita karibu umenyooka. Ule wa vitu vidogo vidogo huja kwa mshazari, na kioo huuzuia. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Mama aliomba picha safi ya kubebwa mbele ya jeneza. Niliitoa fotokopi ile ya zamani kwenye plastiki angavu, nikapitisha mwanga humo hadi kwenye kile kioo, nikapata uso laini, nikaupiga picha upya. Kisha nikaifuta plastiki kwa spiriti ili itumike tena, kama tunavyofanya kila siku, maana vifaa ni haba. Siku ya mazishi, ile karatasi ya zamani niliitia mwenyewe katika mfuko wa koti la marehemu. Ya nini tena, na tulikuwa na nzuri?

Wageni waliisifu. Mama alikuwa akilia, hakuitazama. Aliitazama juma lililofuata, mchana, mlangoni penye jua.

"Umemtoa zile alama zake za moto," akasema. "Sasa huyu ni kijana wa nani?"

Nikaanza kumweleza habari za mshazari. Mjuaji mimi. Kioo hakijui ipi ni takataka na ipi ni alama ya mtu. Mimi nilijua hilo, na sikulifikiria.

Akanipa kalamu nizirudishe, kwa kuwa mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ya utoto. Nikainama juu ya picha. Nilipofumba macho nimkumbuke, alinijia yule wa pichani mwenye uso laini, akanitazama. Hadi leo ni huyo huyo anayenijia, na ninamwogopa.

Kalamu bado ninayo. Sijaweka hata nukta moja.