Bastola ya Mkono wa Kushoto

Basi bwana, tangu Rehani arithishwe jina la mjomba wake, kilichomtoa jasho hakikuwa mji wa marehemu wala watoto wa marehemu. Ilikuwa bastola.

Asiyewajua Waluguru anivumilie kidogo. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mtu mzima akifa jina lake haliachwi lilale kaburini. Huitwa mtoto wa dada yake, akakalishwa mkekani mbele ya ukoo, akapewa lile jina, na kuanzia siku ile yeye ndiye marehemu aliyerudi. Si mzaha. Mzee Abasi alipofariki, ukoo ulimkalisha Rehani, dalali wa mboga mwenye miaka arobaini na ushee, mtu ambaye maisha yake yote ni kabichi na karoti za Mgeta na ugomvi na wenye malori. Alipoinuka pale mkekani alikuwa Abasi. Wa kwanza kumsogelea alikuwa mama yake mzazi, Bi Mwaisha, akapiga goti akasema, "Shikamoo, kaka." Rehani alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Abasi alikuwa kaka mkubwa wa Mwaisha, na Abasi sasa ni yeye, basi akajikaza akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye homa.

Mkewe, Yasmin, alikataa katakata. "Mimi nimeolewa na Rehani," alisema, "sikuolewa na marehemu. Huko kwenu itaneni mnavyotaka." Na nyumbani kwao Kichangani akabaki Rehani.

Haya, tuje kwenye bastola. Msidhani ilikuwa ya kutishia watu. Ilikuwa bastola ya shabaha, ya risasi ndogo nyembamba, kazi yake kutoboa karatasi na basi. Ilikuwa na mtutu mrefu na mpini wa mbao uliochongwa kufuata vidole, kila kidole na kitanda chake. Na mpini huo ulichongwa kwa mtu wa kushoto. Ukiishika kwa mkono wa kulia inakutazama tu, haikai.

Rehani aliikumbuka tangu yuko shule. Enzi hizo mjomba wake alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja cha mjini, na kila Jumapili asubuhi alimpitia na baiskeli wakaenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, njia ya Mlali, ambako wazee wachache walikuwa na klabu yao ya shabaha. Jamani, zile Jumapili! Mlima umejifunika mawingu hadi kiunoni, nyasi bado zina umande, chupa ya chai ya tangawizi imeegeshwa kwenye jiwe. Abasi alisimama ubavu, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, wa kulia ameusokomeza mfukoni mwa suruali kama bwana anayesubiri kupigwa picha. Alivuta pumzi, akaitoa nusu, akatulia. Kisha pa, mlio mdogo tu wa kukatika kijiti. Baadaye Rehani aliokota maganda ya risasi, bado ya moto, akayanusa kabla ya kuyakabidhi. Harufu ile hadi leo akiipata popote moyo unamrudisha nyuma. Siku hizi watoto Jumapili wanazimalizia kwenye simu, wazazi nao vilevile, lakini tuyaache hayo.

Abasi alisifika. Wanajeshi wakija kushindana, walimwulizia yule mzee wa mkono shoto. Na nyumbani ukoo ulikuwa na maelezo yake. Walisema Abasi alizaliwa mtu wa kushoto, ila ndiyo malezi yetu, mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye sahani anapigwa kofi, shuleni akishika kalamu kwa kushoto anachapwa, jembe kafundishwa na mjomba, panga kafundishwa na babu, vyote kwa kulia. Bunduki peke yake hakufundishwa na mzee yeyote, ndiyo maana hapo mkono wake ulijichagulia. Maelezo matamu. Rehani aliyaamini tangu utoto, nani angemwambia vingine, wakati kwenye sinia watu wote hula kwa kulia na huwezi kumjua wa kushoto hata umkazie macho?

Abasi alipokufa, bastola ilikwenda kituo cha polisi, kama sheria inavyotaka. Afisa wa silaha, mwanamke mpole mwenye miwani, alimweleza Rehani bila kuzunguka. Kibali cha silaha alichoomba kimekubaliwa, lakini ni cha bastola moja. Ama aimiliki ile ya marehemu, ama anunue nyingine, na ile ya marehemu itaondoka mwisho wa mwezi pamoja na silaha zisizo na wenyewe kwenda kuteketezwa.

Shida ni kwamba ile ya marehemu ilikuwa imechoka. Fundi wa silaha aliifungua akaifunga akasikitika. Pini ya kufyatulia imelika, springi imelegea, vipuri vyake haviko nchini, viagizwe Ulaya. Gharama yake ilikuwa ya kuuza kiwanja. Na Rehani kiwanja alikuwa nacho, Bigwa, alichokuwa amekusudia kumjengea Yasmin, ambaye tangu waoane anasikia habari za nyumba.

Ungemshauri nini? Akiiacha iyeyushwe, aliona anamuua mjomba wake mara ya pili, tena kwa mkono wa yule yule aliyepewa jina lake. Akiitengeneza, Yasmin ataendelea kupanga chumba hadi uzeeni. Akakosa usingizi, akakonda, akaanza kukosea bei sokoni, na kwa dalali hiyo ni aibu.

Tena lipo jingine, na hili ndilo kosa lake kubwa. Kwa kuwa sasa yeye ni Abasi, aliamua kulenga kwa mkono wa kushoto. Mwanamume wa kulia tangu tumboni! Miezi mizima alikuwa akienda machimboni na kuazima bastola ya klabu, akasimama nafasi ya mwisho upande wa kushoto, nafasi ya Abasi, ambayo wenzake walimwachia kwa heshima. Akasokomeza mkono wa kulia mfukoni, akanyoosha wa kushoto. Karatasi ilibaki salama. Udongo ndio uliopata taabu.

"Mtani," aliambiwa na Mzee Castory, msimamizi wa uwanja, mwanajeshi mstaafu wa Kinyamwezi, na Wanyamwezi ni watani zetu wa tangu enzi za misafara, "leo umeupiga mlima tena. Mlima umekukosea nini?"

"Mkono bado haujazoea."

"Abasi alizoea. Wewe Abasi gani?"

Ni utani tu, na mtani hakasirikiwi. Lakini Rehani alipanda pikipiki yake, akaendesha hadi mjini bila kumsalimia mtu njiani.

Wiki mbili kabla ya mwezi kuisha, Yasmin alimsukuma aende Dar akatazame tu. Kutazama hakulipiwi, alisema. Akaenda. Kwenye duka la silaha muuzaji alimtolea bastola tatu za risasi ndogo, akazipanga juu ya kitambaa cha kijani. Moja ilikuwa nzuri ya kutisha, ya mashindano, na bei yake vilevile. Ya pili ilikuwa nyepesi mno, mtutu mfupi, ikawa inamchezacheza mkononi. Ya tatu ilikuwa ya mtumba, nyeusi, mpini wa plastiki, haina urembo wowote, imekwaruzwa ubavuni. Ilikuwa na uzito wa kutosha kwa mbele, kifyatulio chake hakikuwa kigumu, risasi zake ndizo zinazopatikana kwa bei nafuu kuliko zote, na bei yenyewe Rehani aliiweza bila kugusa kiwanja.

"Hii ndiyo ya mtu anayetaka kufanya mazoezi kila wiki," muuzaji alisema. "Ile nzuri utainunua, halafu utakosa hela ya risasi, ubaki unaipangusa vumbi. Unatumia mkono gani?"

"Wa kushoto," alisema Rehani.

Muuzaji akamtazama. Alikuwa amemwona akiandika jina lake kwenye daftari la wageni pale mlangoni. Akamwekea ile nyeusi kwenye mkono wa kulia, polepole, kama unavyompa mtu kikombe cha uji wa moto. Ikakaa. Rehani aliirudisha haraka juu ya kitambaa, akasema atarudi, akatoka nje jua linamchoma na roho inamsuta.

Kesho yake hakwenda sokoni. Alikwenda Mlali kwa mama yake. Jambo la ukoo huwezi kuliamua peke yako, na kama ni kuomba radhi, basi aiombe kwa mwenye kaka.

Bi Mwaisha alikuwa barazani anachambua mboga. "Karibu, kaka," alisema, akamsogezea kigoda. Rehani hakuzunguka. Akamweleza yote, bastola ya marehemu na ubovu wake, kiwanja, mwisho wa mwezi, ile nyeusi ya mtumba. Akamwambia na habari ya mkono, kwamba amejaribu kuwa wa kushoto kama marehemu na ameshindwa, na kwamba anaona ukoo ulikosea kumkalisha yeye mkekani.

Bi Mwaisha akaacha kuchambua.

"Nani kakwambia kaka yangu alikuwa wa kushoto?"

"Si watu wote wanasema, mama."

"Watu wote walikuwa wapi?" Akacheka, cheko la zamani, la msichana. "Abasi alikuwa wa kulia kama wewe. Nimelelewa naye, nimepigwa naye makofi, nayajua yalitoka mkono gani. Siku aliyokwenda kununua kile kitu alikuta zimebaki mbili. Ya mkono wa kulia hakuiweza. Ya kushoto ilikuwa imekaa dukani hakuna anayeitaka, mwenye duka akampunguzia hadi basi. Akaja nayo nyumbani amefurahi kama kapewa mchumba, akaishika, ikamkataa. Usiku ule alilia, mimi nilimsikia."

Rehani akakisogeza kigoda karibu naye.

"Akaanza kujifundisha. Jioni akitoka kazini anasimama pale nyuma ya choo, ameshika chupa ya maji kwa mkono wa kushoto, ameunyoosha hadi unatetemeka. Mkono wa kulia ulikuwa ukimponyoka kwenda kusaidia, basi mama akaufunga na kanga yake. Mwaka mzima. Baadaye akaona aufungie mfukoni."

"Kwa nini hakusema?"

"Aseme nini? Kwamba alinunua ya bei rahisi? Alipokwenda huko machimboni, yule mtani wenu Mnyamwezi akapiga kelele kwamba huyu kazaliwa shoto, angalieni. Watu wakamsifu. Angewakatalia? Aliona haya, halafu haya zikapita, halafu ikawa ndiyo kweli." Akarudi kwenye mboga zake. "Kaka yangu alichukua aliyoiweza, akakaa nayo vizuri. Hilo ndilo tulilokurithisha. Mkono haukuwemo."

Rehani alilia pale kigodani, mtu mzima na ndevu zake, wala hakujificha. Aliwaza zile Jumapili zote. Mtu aliyemwona kama hakuwahi kukosa, kumbe alikuwa na mkono mmoja umefungwa. Angelijua hilo utotoni angempenda zaidi, na sasa hakuwa na wa kumwambia ila dada yake, ambaye alimletea maji ya kunawa uso na kumwuliza kama amekula.

Siku mbili baadaye alirudi Dar akainunua ile nyeusi, na taratibu zake za dukani zikafuatwa zote. Kisha akaenda kituoni. Afisa mwenye miwani alitoa bastola ya marehemu kabatini, akaikagua kuhakikisha haina risasi, akamruhusu aishike mara ya mwisho. Rehani aliiweka kwenye mkono wake wa kulia. Mbao ikamchoma pasipostahili, kidole gumba kikakosa mahali, yote vilevile kama ilivyomkataa Abasi usiku ule alipofika nayo nyumbani akiwa kijana, hana fedha, hana wa kumwonyesha. Akaishika hivyo kitambo. Afisa akajifanya anatafuta kalamu.

"Ichukueni," alisema, akaiweka mezani.

Afisa akavuta karatasi za ile mpya. "Jina la mmiliki?"

"Abasi."

Akatazama kitambulisho, akamtazama yeye juu ya miwani. "Mbona hapa pameandikwa Rehani?"

"Ndiye huyo huyo, mama," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mtu mwenye homa. "Wewe andika."